Umeme Ukikatika, Sigara Hurudi

Jua linapozama nyuma ya vilima vya Masisi, na mwangaza mwekundu wa volkano ya Nyiragongo ukaanza kudhihiri juu ya mawingu, wauzaji wa mtaa wa Birere, hapa Kongo, hutandaza visanduku vyao vya mbao, na juu yake pipi, viberiti na sigara zilizokwisha kutolewa paketini ili ziuzwe moja moja. Kando ya kisanduku kimojawapo nilimkuta kijana mwendesha pikipiki, shingoni amening'iniza kifaa cha mvuke chenye harufu ya embe, na mkononi ameshika sigara inayowaka. Nilipomuuliza sababu ya kuvuta vyote viwili, alinijibu kwa adabu: "Papa, hii ya mvuke ni ya kuniachisha sigara. Lakini umeme ukikatika siku mbili, nifanye nini?"

Jibu lile limenikaa moyoni, maana nia yake ni njema, ilhali mwili wake una hesabu nyingine asiyoijua.

Nikotini, ambayo ndiyo kamba imfungayo mvutaji, hufika ubongoni kwa muda wa sekunde 10 hadi 20, na baada ya saa 2 hivi nusu yake huwa imekwisha kutoka damuni, hata nafsi ikaanza kudai tena. Ini huigeuza kuwa kotinini, ikaayo muda mrefu zaidi, na ndiyo waipimayo matabibu katika mkojo au mate ili wajue kiasi hasa kilichoingia. Katika miaka ya 1970 tabibu Michael Russell wa London alibainisha ya kuwa mvutaji hutafuta kadiri ya nikotini aliyoizoea, na kwamba akipewa sigara dhaifu huivuta kwa nguvu zaidi. Wala hafi kwa nikotini hasa, bali kwa lami na gesi za tumbaku inayoungua. Kwa hiyo apunguzaye sigara kutoka kumi hadi tano aweza kuzikamua hizo tano hata asipungukiwe na madhara kwa kadiri anayoidhani.

Mwaka 2018 ulitangazwa Marekani utafiti uliopima mikojo ya watu zaidi ya 5,000: waliovuta mvuke peke yake walikutwa na sumu chache mno kuliko wavuta sigara, walakini waliochanganya viwili hivyo hawakupata nafuu hiyo, na kwa sumu nyingi walikuwa juu kuliko wote. Mwaka huohuo wataalamu wa London walionyesha ya kwamba sigara moja tu kwa siku huleta karibu nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo aipatayo mvutaji wa sigara 20.

Kijana yule alinipa kifaa chake nikitazame. Ubavuni palichapwa tarakimu 50, naye akiamini ni hesabu ya mikupuo, kumbe ni miligramu za nikotini katika kila mililita, ilhali Umoja wa Ulaya umeweka mpaka wa 20. Uganda, jirani yetu, ilipiga marufuku vifaa hivi kwa sheria ya mwaka 2015. Nasi Kongo, tuliouridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005, tungali tukiuziana sigara moja moja hadi mikononi mwa watoto.

Basi tabibu amwulizaye mgonjwa idadi ya sigara, na aulize pia habari ya mvuke. Na aliyeazimia kuacha, achague siku ya kuiacha sigara kabisa, kifaa chake akichaji mapema kama achajivyo simu, kisha kila jioni ajiulize: leo nimewasha sigara? Ikiwa ni moja tu, asijilaumu wala asikate tamaa, ila asiihesabu siku hiyo miongoni mwa siku za kuacha. Kesho alfajiri aanze tena.