Mpira Mdogo Unaoshika Injini



Tunapokagua magari barabarani, wengi hudhani kwamba tunatazama taa, breki na matairi peke yake. Leo tunapenda kueleza kifaa kisichoonekana kwa urahisi, ambacho usalama wa abiria hukitegemea: kiegemeo cha injini, ambacho mafundi hukiita mauntingi.

Injini haifungwi moja kwa moja kwenye fremu ya gari. Ingefungwa hivyo, mtetemo wake ungelegeza nati na kupasua vyuma. Kwa sababu hiyo hukalishwa juu ya mauntingi, aghalabu tatu au nne. Kila moja ina vipande viwili vya chuma vilivyoshikamanishwa kwa mpira mzito. Kimoja hufungwa kwa bolti upande wa injini, cha pili upande wa fremu. Katika magari mengi yanayoendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, mbili hushika injini kulia na kushoto, na nyingine hushika giaboksi.

Kazi yake si kubeba uzito tu. Dereva anapokanyaga mafuta, nguvu ile ile inayozungusha magurudumu huisukuma injini ipinduke upande wa pili. Mpira ukiwa umekatika, injini huinuka na kuvuta kila kilichounganishwa nayo: mipira ya maji, nyaya na bomba la mafuta.

Hatari hiyo imekwisha kuthibitika. Mwaka 1971, kampuni ya General Motors ya Marekani ililazimika kuyaita magari ya Chevrolet yapatayo milioni 6.7 ili yarekebishwe. Mauntingi ilipokatika, injini iliweza kuinuka na kuvuta fimbo ya mafuta, gari likaongeza mwendo pasipo dereva kutaka. Dawa iliyotumika ilikuwa waya imara wa chuma wa kuizuia injini isiinuke.

Hapa Uganda, taksi nyingi ni Toyota HiAce, ambazo injini yake iko chini ya viti vya mbele. Bomba la mafuta likichanika hapo, moto huanzia chini ya watu.

Dalili zake zinajulikana. Gari hutetemeka sana likiwa limesimama huku injini inanguruma. Hugonga kwa kishindo wakati wa kuwasha, kubadilisha gia au kuondoka. Na mpira huonekana umepasuka, umebonyea au umelowa oili. Oili huulainisha mpira na kuuharibu, basi uvujaji uzibwe kabla ya kufunga mauntingi mpya.

Tunawasihi wenye magari wasikubali injini kufungwa kwa waya, kukingwa kwa kipande cha tairi kuukuu, wala kuchomelewa kwenye fremu. Fundi anapobadilisha mauntingi, aitegemeze injini barabara kabla ya kufungua bolti yoyote, atumie kifaa cha aina ya gari hilo, na akaze bolti kwa kipimo cha mtengenezaji. Na abiria akisikia kishindo kila gari linapoondoka, anayo haki ya kumwuliza dereva sababu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mauntingi mpya ni gharama ndogo. Uhai wa abiria hauna duka unakouzwa. Sisi tutaendelea kukagua, nanyi tunawaomba mkague kabla yetu.