Kufungua Injini ya Lori: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kuifunga

Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo labda mtadhani ni la mafundi peke yao, nalo ni kuifungua injini ya lori la dizeli na kuitengeneza upya. Lakini mkulima wa Lushoto, hata asipokuwa na gari, kabeji zake, karoti zake na viazi vyake hushuka mlimani juu ya lori. Injini ikifa njiani, mboga huoza. Na mboga zikioza, fedha ya kuwavika watoto na kuwasomesha haipatikani. Kwa hiyo habari hii yatuhusu sote.

Katika kijiji kimoja nikijuacho, wakulima kadha wa kadha walichangiana fedha wakanunua lori kuukuu. Baada ya muda likaanza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili nyingi. Wakalipeleka kwa fundi, naye akaifungua injini, akatia pistoni mpya, ringi mpya na slivu mpya. Gari likanguruma vizuri, watu wakafurahi. Lakini rejeta ilikuwa imeziba kwa kutu, wala hapakuwa na mtu aliyeitazama, maana kila mmoja alikuwa na haraka ya kuliona gari barabarani. Haukupita muda mrefu, injini ikachemka katika kupanda kutoka Mombo, pistoni zikakwama ndani ya slivu zake, na kazi yote ikawa bure. Gharama ya kusafisha rejeta ingalikuwa ndogo. Hasara waliyoipata ilikuwa ya kutengeneza injini mara ya pili. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwanza tuifahamu injini yenyewe. Jina la dizeli latokana na Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, ambaye injini yake ilifanya kazi vema huko Augsburg mwaka 1897. Injini hii haina plagi ya kutoa cheche. Hewa iliyoweza kujaza vibaba kumi na sita au zaidi hushindiliwa ikae katika kibaba kimoja, nayo hupata moto mkali hata dizeli ikinyunyizwa ndani yake huwaka yenyewe. Basi nguvu yote yategemea mbano. Ringi zikilegea au valvu zisipokaa sawasawa, mbano hupotea, na asubuhi za baridi za mwezi wa Juni na Julai dereva wa Lushoto huhangaika sana kuiwasha.

Tena ifikirini barabara yetu. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kama kilometa 33, na njia hupanda karibu mita 1,000 ikipitia Soni penye maporomoko ya maji. Lori likipanda na saruji au mbolea huenda polepole kwa gia ndogo, injini ikifanya kazi nyingi na upepo wa kuipoza ukiwa mchache. Likishuka na mboga, dereva huitumia injini hiyo hiyo kuzuia mwendo. Kupanda hujaribu maji na oili. Kushuka hujaribu breki.

Sasa injini imefunguliwa. Kanuni ni hii: kwa kila kitu kilicho mbele yako, jiulize maswali matatu. Je, kikiharibika baadaye, itanilazimu kuifungua injini tena ili nikifikie? Je, kikiharibika kitaviua na vitu vipya nilivyotia? Je, kipimo chake kingali ndani ya mpaka aliouandika mtengenezaji? Majibu ya maswali haya ndiyo yatakayokuongoza, wala si mazoea ya fundi wala haraka ya mwenye mali.

Kabla ya kuosha chochote, tazama. Uchafu na mikwaruzo ni barua iliyoandikwa na injini, nawe ukiiosha kabla ya kuisoma hutajua kilichoiua. Beringi za krenki, zile zilizopindwa kama nusu ya bangili, zikiwa zimekwisha mpaka shaba imeonekana, tafuta sababu katika oili: pampu imechoka, au njia zimeziba, au oili ilikaa muda mrefu bila kubadilishwa. Ukitia beringi mpya bila kuiondoa sababu, nazo zitakufa vivyo hivyo.

Kwa hiyo pampu ya oili na ipimwe, na njia zote za oili ndani ya krenki na bloku zisafishwe kwa brashi na hewa ya nguvu. Ikiwa beringi zilivunjika, chombo cha kupozea oili ni afadhali kibadilishwe, maana chembe za chuma hujificha ndani yake, na siku ya kwanza ya kuwasha hutoka kuzila beringi mpya.

Halafu yaja maji. Pampu ya maji, mipira yake na mkanda wa feni ni vitu vya gharama ndogo kuliko injini. Hedi ya silinda ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka, kwa sababu injini iliyochemka aghalabu huipinda. Thamostati, yaani mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, watu wengine huitupa wakidhani wanaisaidia injini ipoe. Hilo ni kosa, maana injini inayokwenda baridi huchafua oili na kula slivu zake upesi. Tena maji ya mtoni peke yake hayafai. Slivu nyingi za lori huzungukwa na maji, nazo hutetemeka pistoni zinapozigonga. Mtetemo huo hufanya mapovu madogo ambayo, yakipasuka, hutoboa chuma kidogo kidogo kwa upande wa nje. Dawa ya maji aliyoiagiza mtengenezaji huikinga slivu isitobolewe.

Upande wa dizeli, nozeli zote zipelekwe kupimwa. Nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza huunguza pistoni mpya mpaka ikatoboka. Na ikiwa injini imetolewa garini, sili ya nyuma ya krenki na sahani ya klachi zitazamwe papo hapo, kwa kuwa kuzifikia siku nyingine ni kushusha giaboksi yote.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hukisahau, nacho chahusu roho za watu. Katika malori mengi makubwa, hewa ya breki husindikwa na kompresa iliyofungwa ubavuni mwa injini na kuzungushwa nayo. Kompresa iliyochakaa hupeleka oili katika mitungi ya hewa, na oili huharibu mipira na valvu za breki. Au hujaza hewa polepole mno, isiweze kulipa ile inayotumika katika materemko marefu. Basi mtu anayeifunga injini bila kuipima kompresa huenda akalipata gari lenye nguvu ya kupanda Soni, lisilo na uwezo wa kushuka salama.

Mtauliza: je, tubadilishe kila kitu? Hapana. Krenki ikipimwa kwa maikromita ikaonekana nzima, iache. Stata na jenereta ya umeme ziko nje. Zikiugua siku nyingine zitatolewa bila kuifungua injini, basi zaweza kungoja fedha. Lakini gasketi, sili, ringi na beringi zilizokwisha kutolewa zisirudishwe, hata zikionekana nzuri. Bolti za mikono ya pistoni nazo zibadilishwe kila mtengenezaji anapoagiza hivyo.

Wakati wa kufunga, kila bolti na ikazwe kwa spana ya kupima mkazo, kwa utaratibu wa kitabu, wala si kwa nguvu za mkono peke yake. Oili ifikishwe kwenye beringi kabla ya kuwasha. Siku za kwanza lori lisipandishwe mlima na mzigo kamili, na oili ya kwanza ibadilishwe mapema.

Mwisho, mwenye gari na awe na daftari. Siku ile injini iko wazi, aketi na fundi, waandike kila kitu: hiki kimepimwa, hiki kimebadilishwa, hiki kimeachwa na kwa sababu gani. Ninyi wanafunzi mjuao kusoma na kuhesabu mwaweza kuwaandikia wazazi wenu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Wale wakulima niliowataja walilitengeneza lori lao mara ya pili, na safari hiyo walianza kwa rejeta.