Kwacha za Dirishani

Sisi wa Ifakara fedha za kigeni zinatufikia kwa njia mbili. Kuna wageni wanaokuja kwa ajili ya hospitali na utafiti wa malaria, na kuna reli ya TAZARA inayokwenda mpaka Zambia. Mimi nimezizoea zaidi relini. Unapita Mlimba, unapita Makambako, na treni ikifika Tunduma haijasimama sawasawa vijana wameshaning'inia madirishani na vibunda vya kwacha. Ukishavuka mpaka, hata behewa la chakula linataka kwacha, kwa hiyo watu hubadilisha harakaharaka.

Wanaosafiri huniuliza: nibadilishe benki au mtaani? Mimi huwaambia waulize kwanza pengo, yaani bei ya benki na bei ya mtaani zimeachana kiasi gani. Kati ya shilingi na kwacha pengo ni dogo, kwa sababu pesa zote mbili zinauzwa bila kufungiwa. Basi kijana wa Tunduma akikutajia bei nono kuliko ya benki, jua faida yake imo kwenye kuhesabu.

Anahesabu mbele yako, anakukabidhi. Unahesabu, unakuta imepungua noti moja. Anakuomba radhi, anachukua kibunda, anaweka noti juu ukimwona kwa macho yako, huku kidole cha chini kinachomoa tano. Honi inalia, treni inaondoka. Mama mmoja mfanyabiashara wa mchele, tuliyekaa naye kiti kimoja, aliliwa hivyo na akalia mpaka usiku. Noti zikishaingia mkononi mwako usizirudishe. Zikipungua, aongezee tu, na shilingi zako zibaki mfukoni mpaka uridhike. Hesabu piga kwenye simu yako, usitegemee kikokotoo chake. Tena zijue noti za unakokwenda: Januari 2013 Zambia ilikata sifuri tatu kwenye kwacha, na mgeni asiye na habari angeweza kubambikiwa noti ya 50,000 ya zamani akidhani amepata utajiri.

Pengo likiwa kubwa, habari ni nyingine kabisa, na sisi tuliwahi kuishi humo. Mwaka 1984 dola moja ilikuwa takriban shilingi 17 benki. Kwa magendo ilikuwa mara kadhaa ya hapo. Mtalii alijazishwa fomu ya fedha alizoingia nazo, na kubadilisha nje ya benki lilikuwa kosa. Mwaka mmoja nyuma, Waziri Mkuu Sokoine alikuwa ameongoza msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Lakini dola zenyewe benki hazikuwepo, na bidhaa zilizoingia zilifuata bei ya magendo. Mkulima wa bonde letu hapa Ifakara alitakiwa kuuza mpunga kwa bei iliyopangwa na serikali, akanunua sabuni na khanga kwa bei ya mlanguzi. Pengo lile alililipa yeye, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo watu wanaposifia enzi za shilingi yenye nguvu. Shilingi ilishushwa sana mwaka 1986, na sheria ya 1992 ikafungua njia kwa maduka ya kubadilishia fedha.

Burundi, jirani zetu, wamekuwa na pengo hilo miaka hii: dola ya mtaani imefika zaidi ya mara mbili ya bei ya Benki Kuu. Ethiopia walikuwa nalo pia mpaka walipoiachia birr Julai 2024. Katika nchi ya namna hiyo kadi ya benki inakuumiza, maana mashine inakupa bei rasmi wakati sokoni vitu vingi vinafuata bei ya mtaani. Ila ukikamatwa barabarani ukibadilisha dola, unaweza kupoteza zote.

Kwetu pengo halijafika huko. Mgeni anayekuja Ifakara abadilishe Dar es Salaam au benki, achukue risiti, na aje na noti kubwa, mpya, zisizokunjwa, kwa kuwa dola ndogondogo hupewa bei ya chini. Tangu Machi 28, 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei ya bidhaa au huduma za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo akitajiwa chumba kwa dola adai bei ya shilingi. Nawe unayerudi kutoka Zambia, kwacha zilizobaki zimalizie Nakonde, upande wa Zambia, kabla ya kuvuka. Ukifika nazo Ifakara itabidi umtafute jirani anayesafiri umuuzie.