"Waar komt u vandaan?": Swali moja la Kiholanzi na namna ya kulitumia



Katika toleo hili tunaeleza swali moja fupi la Kiholanzi. Lugha hii inasemwa Uholanzi, na pia upande wa kaskazini wa Ubelgiji unaoitwa Flandre, penye miji kama Antwerpen na Gent. Familia nyingi za kwetu zina ndugu huko. Wako pia Wakongomani waliokimbilia nchi za jirani, kama Uganda, kisha wakapokelewa Uholanzi kwa njia ya HCR.

Swali lenyewe ni hili: Waar komt u vandaan? Maana yake ni "Unatoka wapi?"

Kwa nini tunaliandika hapa?

Kwa sababu kwetu swali hilo si dogo. Tangu vita vya 1996 na vya 1998, watu wengi wameulizwa "Unatoka wapi?" kwenye kizuizi cha barabarani, na mtu mwenye silaha. Jibu la mdomo halikutosha. Lilipimwa kwa sura, kwa jina na kwa matamshi. Ndiyo maana mtu aliyekimbia, akiulizwa hivyo hata na jirani mwema, anaweza kunyamaza au kutaja mahali pengine.

Huko Uholanzi na Flandre, mgeni ataulizwa hivyo mara nyingi: kwenye kituo cha basi, dukani, mlangoni pa shule ya watoto. Mara nyingi anayeuliza anataka tu kuanza mazungumzo. Mgeni asipolijua hilo, atafikiri anapelelezwa, na jirani atafikiri mgeni anakataa urafiki. Hapo wote wawili wamepoteza.

Maneno na matamshi

Waar ni "wapi". Komt inatokana na tendo la kuja. U ni "wewe" ya heshima. Vandaan inaonyesha mahali mtu anapotokea. Katika swali hili waar inakaa mwanzoni na vandaan mwishoni kabisa. Ukiishia Waar komt u, swali halijakamilika, na anayekusikiliza atabaki akingoja.

Waar hutamkwa kwa "a" ndefu, na Uholanzi "w" yake inakaribia "v" laini. U hutamkwa kama katika neno tu la Kifaransa.

Kwa mtoto, rafiki au mtu wa rika lako, sema: Waar kom je vandaan? Hapo komt inapoteza "t" yake. Kwa mzee, mwalimu au daktari, tumia u. Wanaojua Kifaransa watakumbuka tofauti ya tu na vous.

Namna ya kujibu

Jibu fupi linatosha: Ik kom uit Congo, yaani "Natoka Kongo". Ukipenda ongeza mji: Ik kom uit Congo, uit Bukavu. Unaweza pia kusema unapoishi sasa: Nu woon ik in Gent, "Sasa naishi Gent".

Kisha rudisha swali: En u? Yaani, "Na wewe?" Kwa rafiki au mtoto sema En jij? Maneno hayo mawili ni madogo lakini yana kazi kubwa. Kwenye kizuizi anayeuliza halazimiki kujibu chochote. Kati ya majirani kila mmoja anauliza na kila mmoja anajibu. Ukisema En u?, umejiweka sawa na mwenzako.

Mambo matatu ya kukumbuka

1. Jirani hana haki ya kujua kila kitu. Si lazima umtajie kabila lako, wala yaliyokupata njiani. Akizidi kuuliza, sema kwa upole: Daar praat ik liever niet over, yaani "Hilo napenda nisilizungumze."

2. Ofisini ni tofauti. Anayeomba hifadhi ataulizwa asili yake kwa kirefu, na hapo ni lazima kusema ukweli. Aombe mkalimani wa lugha anayoifahamu vizuri, asijibu kwa kubahatisha.

3. Watoto watakuwa na jibu lao. Mtoto aliyezaliwa Gent atasema Ik kom uit Gent, na ni kweli. Wako watakaomwuliza tena, "Lakini kwa kweli unatoka wapi?", na swali hilo la pili huwachoma wengi. Wazazi wamfundishe historia ya familia mapema, ili ajue kwamba Gent ni kwake na Kongo pia ni kwao.

Kwa viongozi wa kambi na mitaa

Mwaweza kufanya zoezi hili katika baraza, hata kama hakuna anayesafiri. Watu wakae wawili wawili. Mara ya kwanza mmoja asimame na kuuliza kwa ukali: "Unatoka wapi?" Mara ya pili akae chini, ajitambulishe kwanza: "Mimi natoka Masisi. Na wewe, ndugu, unatoka wapi?" Kisha kila mmoja aseme alivyojisikia. Maneno ni yale yale, lakini moyo unayapokea tofauti. Familia mpya zinapofika, tuzipokee kwa namna ya pili.

Onyo moja: uhamisho wa kwenda Ulaya kwa njia ya HCR ni kwa wakimbizi walio nje ya nchi yao, na huduma za HCR hazilipiwi. Anayewauzia nafasi kwenye orodha ni mdanganyifu.

Lakini mwenye ndugu huko asingoje. Tangu Januari 2022 sheria mpya ya Uholanzi inawataka wakimbizi waliopokelewa wajifunze lugha, kwa kawaida hadi ngazi ya B1. Safari hiyo ni ndefu, na swali hili na jibu lake ni hatua ya kwanza. Mkiongea naye kwa simu, mwulizeni Waar kom je vandaan? Atacheka, kisha mfundishane.