Vyombo vya Glaida Visivyomaliza Betri

Mtu akimtazama mwewe wakati wa adhuhuri, humwona akizunguka juu bila kupiga mabawa, na kila mzunguko humpandisha zaidi. Hana siri ila hewa ya moto ipandayo kutoka katika ardhi iliyochomwa na jua. Ndivyo iendavyo glaida. Glaida ni ndege yenye mabawa marefu na membamba, lakini haina injini. Huvutwa juu na ndege nyingine, au kwa kamba ya mashine iliyo chini, kisha huachwa. Na tangu hapo rubani hutafuta hewa ipandayo kama afanyavyo mwewe. Wako wakaao juu saa 5 au 6 au zaidi, wakasafiri mamia ya kilomita bila tone la mafuta. Mchezo huu hupendwa sana Ulaya na Marekani, na hata katika Kenya, huko Mweiga karibu na Nyeri, watu wamewahi kuruka kwa glaida.

Wengi wenu mwajifunza umeme katika somo la fizikia, na huenda mwauliza hesabu zile za volti na ampea zitawafaa nini. Mimi nilijifunza hesabu hizo hizo, na leo kazi yangu ni kufunga vyombo vya umeme katika ndege ndogo. Basi nataka kuwaeleza jambo moja ambalo hesabu hiyo yaweza kuamua kama watu watarudi nyumbani salama au hawatarudi.

Ndege yenye injini haina taabu ya umeme, kwa kuwa injini huzungusha jenereta, na jenereta huijaza betri wakati wote. Glaida haina injini, kwa hiyo haina jenereta. Ina betri tu ya volti 12, ndogo kama ya pikipiki, iliyojazwa usiku kabla ya safari. Kila kitu ndani ya glaida hunywa katika mtungi huo mmoja, na huko juu hakuna kisima cha kuujaza tena.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Marekani. Ilikuwa tarehe 28 Agosti, mwaka 2006. Glaida iliyotengenezwa Ujerumani, aina ya ASW 27, ilikuwa ikiruka katika jimbo la Nevada, kusini-mashariki ya mji wa Reno, kiasi cha futi 16,000 juu. Ndege ndogo ya jeti aina ya Hawker 800XP, yenye watu 5 ndani, ilikuwa ikishuka kwenda Reno. Zikagongana. Rubani wa glaida alijitupa nje akashuka kwa mwavuli. Jeti, pua yake imevunjika na injini moja imezimika, ilitua kwa tumbo katika kiwanja cha Carson City. Kwa rehema ya Mungu hakufa hata mtu mmoja.

Glaida ile ilikuwa na transponda, chombo ambacho kingeionyesha kwa waongoza ndege na kwa jeti ile. Lakini hakikuwashwa. Rubani alieleza baadaye kuwa alikusudia kukaa karibu na kiwanja chake, na kwamba alitaka kuhifadhi betri kwa ajili ya redio. Sheria ya Marekani ilizisamehe glaida, hazikulazimika kutumia chombo hicho kama ndege nyingine. Mwaka 2008 halmashauri ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilipendekeza msamaha huo uondolewe. Kwangu mimi fundi, funzo ni moja: chombo kisichoweza kuachwa kikiwaka tangu kupaa hadi kutua, hakifai kwa glaida hiyo, hata kiwe kizuri namna gani.

Labda mtauliza, je, marubani hawana macho? Wanayo, lakini hesabu inawashinda. Jeti iendayo kilomita 550 kwa saa hukata mita 153 kwa sekunde moja. Ikiwa rubani wake ataiona glaida ikiwa mbali kilomita 2, amebakiwa na sekunde 13. Nao wakubwa wa usafiri wa anga wa Marekani huhesabu kwamba tangu jicho kuona kitu hadi ndege yenyewe kugeuka, hupita sekunde 12.5. Tena glaida huwa nyeupe, maana rangi nyingine hushika joto la jua na kudhoofisha gundi iliyounda mwili wake. Na ikitazamwa kwa mbele ni nyembamba kama uzi. Kitu cheupe chembamba mbele ya wingu jeupe, nani atakiona?

Transponda ni chombo cha kujibu. Rada iliyo chini hutuma swali kwa redio katika masafa ya megaheti 1030, na transponda hujibu katika megaheti 1090. Transponda ya kawaida hujibu namba nne, kila moja ni 0 hadi 7, yaani jumla ya namba 4096 zinazowezekana. Hujibu pia ndege iko juu kiasi gani. Katika Marekani glaida isiyozungumza na waongoza ndege huweka namba 1202, na katika nchi nyingi za Ulaya namba 7000 huwekwa na ndege zinazoruka kwa kutegemea macho. Aina mpya zaidi, iitwayo Modi S, huongeza jina la ndege yenyewe, jina lisilofanana na la ndege nyingine yoyote ulimwenguni. Jambo kubwa ni kwamba ndege kubwa za abiria huchukua chombo cha kuepusha migongano, ambacho chenyewe huuliza swali lile lile la rada. Kwa hiyo hata mahali pasipo na rada, ndege kubwa yaweza kuiona glaida, mradi transponda ya glaida inawaka.

Kiko chombo kingine kipendwacho sana na marubani wa glaida, nacho ni FLARM, kilichoanza katika Uswisi mwaka 2004. Hiki hakingoji kuulizwa. Chenyewe hupata mahali pake kutoka katika setilaiti, hukisia glaida itakuwa wapi baada ya sekunde chache, na kuwatangazia wenzake kwa redio yenye nguvu ndogo sana. Wenzake wakipiga hesabu na kuona hatari, hulia. Ni chombo cha werevu na hakili umeme mwingi. Lakini lazima tufahamu mpaka wake: FLARM husikiwa na FLARM. Glaida kumi zikizunguka pamoja katika hewa moja zitaonyana vizuri. Jeti ya abiria ishukayo kutoka mawinguni haitasikia neno. Ni kama watu wanaoongea kwa lugha ya kijijini kwao: wenyeji huelewana, mgeni hupita asijue. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi ni hili: ninayemwogopa huko juu ni nani? Akiwa ni glaida mwenzangu, FLARM yafaa. Akiwa ni ndege kubwa, transponda haina badala.

Sasa tuje kwenye umeme. Ukisoma kijitabu cha transponda ndogo ya kisasa, utaona imeandikwa wati 130 au wati 250, nawe utashtuka. Wati 130 kwa volti 12 ni karibu ampea 11! Betri si itakufa kwa nusu saa? La. Nguvu hiyo hutoka wakati wa kujibu tu, na jibu ni fupi kuliko tunavyoweza kuwaza. Jibu refu la Modi S huchukua sehemu 120 za milioni za sekunde moja. Transponda ikijibu mara 50 katika sekunde, imetoa sauti kwa muda wa sehemu 6 tu katika elfu. Katikati ya majibu hujaza kapasita yake polepole, kama mtu akingaye maji ya bomba jembamba katika ndoo, kisha akaimwaga ndoo yote kwa mara moja. Ndiyo sababu chombo cha wati 130 chaweza kuishi kwa kiasi cha theluthi moja ya ampea. Yafaa kukumbuka pia kwamba karibu na viwanja vikubwa, penye rada nyingi, maswali huwa mengi, na betri huliwa zaidi.

Transponda za zamani hazikuwa hivyo. Zilikuwa na balbu iliyotakiwa kupashwa moto kwanza, na nyingi zilikula zaidi ya ampea 1 kwa kungoja tu. Tena zilihitaji kisanduku cha pembeni cha kupima kimo, nacho pia kilikuwa na kipasha-moto chake. Mtu akikupa transponda ya namna hiyo bure kwa ajili ya glaida, mshukuru kwa adabu, lakini piga hesabu kabla ya kuifunga.

Juu ya nguvu yenyewe, ziko daraja mbili. Daraja la pili, ambalo mara nyingi ndilo la wati 130, ni la ndege zisizopita futi 15,000 wala mwendo wa kilomita 324 kwa saa. Apandaye juu zaidi ya hapo, kama glaida ile ya Nevada iliyokuwa kwenye futi 16,000, hana budi kuchukua daraja la kwanza. Basi asichague mtu kwa bei tu. Achague kwa kimo atakachoruka.

Chukueni kalamu sasa, tupige hesabu ya mfano. Redio, tukichanganya kusikiliza na kusema, ampea 0.2. Variometa, yaani kipimo kionyeshacho kama glaida yapanda au yashuka, ampea 0.1. FLARM, ampea 0.15. Kioo cha ramani, ampea 0.25. Transponda ya kisasa, ampea 0.3. Jumla ni ampea 1 kamili. Betri ya risasi imeandikwa saa-ampea 7, nasi twadhani tutapata saa 7. Sivyo. Namba ile imepimwa kwa kuitoa betri polepole kwa muda wa saa 20. Ukiitoa kwa haraka hupata pungufu. Tena hewa hupoa kiasi cha digrii 2 kwa kila futi 1000 upandazo, na betri ya risasi iliyopoa hadi kuganda kwa maji hupoteza yapata sehemu moja katika tano. Ongeza uzee wake, nawe hesabu saa-ampea 5. Basi glaida yetu ina umeme wa saa 5. Tukiweka transponda ya zamani ya ampea 1.3 mahali pa ile mpya, jumla huwa ampea 2, na umeme ni wa saa mbili na nusu. Rubani aliyekusudia kuruka saa 6 atafanya nini? Atazima kitu, na mara nyingi atazima kile asichokiona kikimfanyia kazi, yaani transponda. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Katika betri, haba na haba humaliza kibaba.

Dawa zake ni tatu. Ya kwanza ni kuchagua vyombo vyenye kula kidogo, na kioo cha ramani ndicho kiwe cha kwanza kuchunguzwa, kwa kuwa mwanga wake ndio mlaji. Ya pili ni kuchukua betri mbili, zenye swichi ya kubadili. Ya tatu ni betri ya lithiamu na chuma, iliyo nyepesi na yenye kushika volti zake karibu hadi mwisho. Lakini hiyo ina tabia mbili za kujua: hufa ghafula bila kuonya, na haifai kujazwa ikiwa imepoa chini ya digrii 0. Betri yoyote ile, fyuzi ifungwe karibu nayo kabisa, ili waya wote ulindwe.

Jambo la mwisho ni antena, ambayo wengi huisahau. Urefu wa wimbi la megaheti 1090 ni sentimita 27.5, robo yake ni karibu sentimita 7, na huo ndio urefu wa kijiti cha antena. Kijiti hiki hutaka bamba la chuma chini yake. Mwili wa glaida uliofumwa kwa nyuzi za kioo hupitisha mawimbi, kwa hiyo antena yaweza kukaa ndani pamoja na bamba lake. Mwili wa nyuzi za kaboni huyazuia, na antena lazima itoke nje chini ya tumbo. Iwe mbali na mwili wa rubani, na waya wake uwe mfupi, maana waya mrefu hula nguvu kabla haijafika angani.

Kwa kifupi, huu ndio utaratibu niufuatao. Kwanza nauliza rubani ataruka wapi, juu kiasi gani, na kwa saa ngapi. Pili naandika ampea za kila chombo na kuzijumlisha. Tatu nazidisha kwa saa, kisha naongeza saa moja ya akiba. Nne naikata betri kwa baridi na kwa uzee. Hesabu isipokubali, tunapunguza anasa au tunaongeza betri, transponda hatuigusi. Hakuna katika hayo lililo gumu kupita hesabu za kidato cha pili. Mwalimu akiwapa tena swali la betri na taa tatu, lifanyeni kwa makini, maana huenda siku moja taa hizo zikawa vyombo vya rubani aliye juu ya milima, naye hana wa kumtegemea ila aliyempigia hesabu.