Gugu karoti na nondo anayelidumaza

Lori la vitunguu au viazi linaloingia alfajiri kwenye masoko ya Kariakoo na Ilala, Dar es Salaam, halibebi mazao tu. Tope lililoganda kwenye matairi yake linaweza kusafirisha mbegu za gugu karoti, lililobainika Arusha mwaka 2010. Mchikichini ipo jirani na masoko hayo, kandokando ya bonde la Msimbazi, na gugu hili hupenda viwanja vilivyoachwa wazi na kingo za barabara na mito. Ni vyema tulijue mapema.

Asili yake ni bara la Amerika. Majani yamechanikachanika kama ya karoti, na vijiua vyake ni vyeupe. Mche mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000. Kemikali yake iitwayo parthenini huwasha ngozi na kuleta vipele. Chavua yake huamsha mafua ya mzio na pumu. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Mwaka 2015, watafiti wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, walionyesha kuwa hata mbu wa malaria hunufaika na sukari ya mmea huu.

Gugu hili lina adui mdogo: nondo wa kijivu aitwaye Epiblema strenuana. Australia ilimchukua Meksiko na kumwachilia huko Queensland mwaka 1982. Jike hutaga mayai kwenye majani. Kiwavi akianguliwa hujipenyeza ndani ya shina, na pale anapotafuna, shina huvimba. Uvimbe huo ndio nyumba yake na ndio jiko lake. Virutubisho vya kurefusha shina na kuchanua maua huishia humo, hivyo mmea hudumaa na mbegu hupungua.

Je, nasi tumlete? Si bila majaribio. India ilimkataa baada ya kuona anaweza kukua kwenye nug, zao la mbegu za mafuta. Gugu karoti ni familia moja na alizeti yetu, kwa hiyo lazima wataalamu wajiridhishe kwanza kuwa nondo huyu hataishambulia.

Kwa sasa kinga ni macho na mikono yetu. Ukiliona, vaa glavu, funika pua na mdomo, ling'oe na mizizi kabla halijachanua, wala usilitupe mtoni. Mwenye pumu asiliguse. Kisha mjulishe ofisa kilimo au Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Mche uliong'olewa leo ni maelfu ya mbegu ambazo hazitaota kesho.