Kabla ya Kuwasha Eksirei

Wengi wanaijua Shinkolobwe, huko Kambove, Katanga, kwa urani yake iliyoishia kwenye mabomu ya 1945. Sisi wa fuwele tunaijua kwa madini ambayo hayakuwa yametambuliwa popote kabla: kuriti mwaka 1921, bekereliti 1922, sklodovskiti 1924, yote yakielezwa na Alfred Schoep. Mwaka 1982 Michel Deliens na Paul Piret wakaongeza bijvoetiti, yenye rangi ya manjano. Hiyo ndiyo inayonifaa leo, kwa kuwa inaonyesha jinsi vipimo vinavyoweza kuharibika hata mashine haijawashwa.

Punje ya fuwele, pengine ya sehemu moja ya kumi ya milimita, huzungushwa mbele ya eksirei. Atomi zilizojipanga hutawanya miale, na kigunduzi hunasa maelfu ya madoa. Ukali wa kila doa ndio unaotuwezesha kukokotoa atomi ipi imekaa wapi. Sasa, tuizungushe kiasi gani?

Inategemea ulinganifu. Ukiwa mkubwa, madoa hujirudia pande nyingi na mzunguko mfupi unatosha. Bijvoetiti ilielezwa kwanza kuwa ya mfumo wa othorombiki. Mwaka 2000 Li, Burns na Gault wakaonyesha kuwa ni ya monokliniki, wenye ulinganifu mdogo zaidi. Aliyeamini maelezo ya awali angepima moja ya nane ya madoa, kumbe inahitajika robo. Wala asingeshtuka, maana ushahidi wa kumkosoa umo katika madoa ambayo hakuyapima. Kwa madini mageni mimi hupima pande zote, na anayelalamikia muda wa mashine alalamike.

Hata robo ina mipaka. Fuwele isipokuwa na kitovu cha ulinganifu, doa na mwenzake wa upande wa pili hutofautiana kidogo. J. M. Bijvoet, Mholanzi ambaye madini haya yana jina lake, aliitumia tofauti hiyo mwaka 1951 kutofautisha molekuli ya mkono wa kulia na ya kushoto. Ukizitaka jozi hizo, panga nusu.

Kisha kuna urani yenyewe, ambayo humeza eksirei. Tunachagua miale ya molibdeni, inayopenya zaidi, na kuiacha ya shaba (jambo gumu kumwambia mtu wa Katanga). Urani ina elektroni 92, oksijeni 8. Mtawanyo hufuata mraba wa idadi hiyo, kwa hiyo urani huizidi oksijeni zaidi ya mara 130. Picha za haraka hazitaionyesha oksijeni vizuri. Na kwa kuwa mhimili mmoja wa bijvoetiti unakaribia angstromu 45, madoa hubanana. Kigunduzi kisogezwe nyuma.

Skupiti, ndugu yake wa Shinkolobwe, hupoteza maji hata hewani tu na kugeuka madini mengine. Hiyo tunaifungia kwenye mrija mwembamba wa kioo, tunaanza na madoa hafifu ya pembe kubwa ingali nzima, na yaliyo makali yanangoja.